Si Kila Uvumilivu ni Fadhila



Kuna neno moja ambalo sisi mapadre tunalitamka kupita kiasi. Neno hilo ni "vumilia". Tunalitamka ofisini, tunalitamka matangani, tunalitamka mlangoni pa kanisa mtu anapotushika mkono na kutunong'oneza taabu yake, hali pikipiki inatungoja twende kigangoni. Mara nyingi ni neno la haki, maana yapo mateso yasiyo na dawa nyingine, na mgonjwa wa muda mrefu analijua hilo kuliko sisi. Lakini zipo nyakati ambapo tunalitamka kwa sababu ni fupi, na kwa sababu likishatamkwa shauri linakuwa limekwisha kwa upande wetu, ingawa kwa upande wa yule aliyelileta ndiyo kwanza linaanza.

Miaka miwili iliyopita alitujia mama mmoja mjane. Shemeji yake alikuwa ameng'oa masale ya mpaka wa kihamba alichoachiwa na marehemu mumewe, akayapanda upya hatua kumi na mbili kwa ndani. Wasomaji wa huku kwetu wanajua sale ni nini; kwa wengine tuseme tu kwamba ni mmea unaopandwa mpakani, na kuung'oa ni jambo zito kwa desturi ya wazee. Mama huyo alikuwa na shahidi mmoja wa kutegemewa, jirani aliyekuwapo siku mume na ndugu yake walipogawana ardhi ya baba yao. Jirani aliitwa mbele ya baraza la ardhi, akasema hakumbuki. Mama alipotufikia tulimsikiliza kama robo saa, tukamwambia avumilie na kumwachia Mungu. Tukaongeza, na hapa ndipo aibu yetu ilipo, kwamba wapo wenye hekima wa kale waliofundisha kutofautisha mambo yaliyo katika uwezo wetu na yale yasiyo katika uwezo wetu, na kwamba mpaka wa shamba haumo katika uwezo wake. Tulikuwa tumeyasoma hayo seminarini. Tulidhani tumemfariji. Alitushukuru, akaondoka, na kwa muda mrefu hatukumwona ofisini.

Baadaye tulirudi kuwasoma wenye hekima hao, yaani Wastoiko, na tukagundua kwamba tulikuwa tumewasingizia. Kwa kuwa si sisi peke yetu tuliowasingizia hivyo, tumeona inafaa jambo hili liandikwe na kusomwa katika jumuiya ndogo ndogo.

Watu wa barazani

Wastoiko wamo katika Maandiko Matakatifu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, tunawaona mjini Athene wakijadiliana na Mt. Paulo, na baadaye Mtume anasimama Areopago na kuwahutubia. Katika hotuba hiyo anatumia maneno ya mshairi wa Kigiriki, na wataalamu wanayatambua kuwa ni ya Aratus wa Soli, mtu wa Kilikia kama Paulo mwenyewe, ambaye kwa mapokeo alisoma kwa Zeno, mwanzilishi wa Wastoiko. Mtume hakuona haya kuchota katika kisima hicho. Nasi tusione haya.

Zeno alikuwa mtu wa Kition, katika kisiwa cha Kupro. Husimuliwa kwamba alikuwa mfanyabiashara, chombo chake kikavunjika baharini, naye akafika Athene bila mali akaanza kuwasikiliza wanafalsafa. Mnamo mwaka 300 K.K. alianza kufundisha mwenyewe. Hakuwa na jengo la shule. Alifundishia katika stoa, yaani ukumbi mrefu ulio wazi upande mmoja, wenye nguzo na paa, kando ya soko, mahali watu walipokimbilia jua lilipokuwa kali. Sisi Waswahili hatuna haja ya kuhangaika kutafuta tafsiri: stoa ni baraza. Na lugha yetu inatupa zaidi ya tafsiri, maana kwetu baraza ni mahali pa kukaa na kuzungumza, na baraza hilo hilo ni mkutano wa kuamua mashauri ya watu. Wastoiko, basi, ni watu wa barazani kwa maana zote mbili.

Mwandishi Diogenes Laertius, aliyekusanya habari za maisha ya wanafalsafa, anasema kwamba katika baraza lile lile, wakati wa utawala wa wale Madhalimu Thelathini (404–403 K.K.), wananchi 1,400 wa Athene waliuawa. Miaka kama mia moja baadaye Zeno akaja kutembea mahali hapo akifundisha fadhila. Jambo hili hatukuambiwa seminarini, au kama tuliambiwa tulikuwa tunasinzia. Tulifundishwa kwamba Mstoiko ni mtu asiyetikisika, kana kwamba alikuwa amekaa mlimani peke yake. Kumbe alikuwa sokoni, mahali palipomwagika damu ya watu waliouawa na watawala wao.

Na waliomsikiliza hawakuwa mabwana watupu. Cleanthes, aliyemrithi Zeno, alikuwa akichota maji usiku katika bustani za watu kwa ujira, ili mchana apate nafasi ya kusoma. Epictetus, aliyezaliwa mnamo mwaka 50 B.K. huko Hierapolis, katika nchi iitwayo leo Uturuki, alikuwa mtumwa, tena kiwete. Jina lake lenyewe lina maana ya kitu kilichopatikana, kama mali. Karne iliyofuata Kaisari Marcus Aurelius (161–180 B.K.) alijilea kwa mafundisho ya mtumwa huyo. Ni mara chache katika historia mwenye enzi yote kuwa mwanafunzi wa asiye na kitu.

Sasa tufike kwenye fundisho lenyewe. Epictetus hakuandika kitabu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyaandika maneno yake, na kutoka humo akatoa kitabu kidogo cha mwongozo. Kitabu hicho kinaanza kwa kugawa mambo yote mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yaliyo katika uwezo wetu: hukumu tunazozitoa moyoni, tunayoyataka, tunayoyakataa, tunayoyaridhia. Fungu la pili ni yasiyo katika uwezo wetu: mwili, mali, sifa njema, cheo. Mwenye kushika la kwanza na kuliacha la pili lijiendee, huyo ni mtu huru hata akiwa katika minyororo.

Watu wengi husimama hapo. Siku hizi Wastoiko wamepata wasomaji wapya duniani, na vitabu vinavyowaeleza vinauzwa kama dawa ya wasiwasi na njia ya kufanikiwa kazini. Hatudharau faida hiyo. Albert Ellis, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanzisha katika miaka ya 1950 namna mpya ya kuwatibu wenye mahangaiko, alikiri mwenyewe deni lake kwa Epictetus, na wapo watu wengi waliopona kwa njia hiyo. Lakini mtu akisimama hapo anaondoka na nusu ya fundisho, na nusu hiyo peke yake ni hatari. Anajifunza kwamba njaa ya jirani, kodi ya dhuluma na kesi ya mjane ni mambo ya nje, yasiyo katika uwezo wake, naye anarudi kulala na amani yake.

Tuisome tena ile orodha polepole. Iwapo shamba langu, mwili wangu na cheo changu vimo katika fungu la pili, maana yake mwenye nguvu anaweza kuvichukua. Je, ni kitu gani asichoweza kuchukua? Ridhaa yangu. Hakuna mtu awezaye kunifanya nikubali moyoni kwamba uongo ni kweli, na ulimi wangu hauwezi kuutamka uongo huo mpaka mimi mwenyewe nimeuruhusu. Kwa maneno mengine, Epictetus hapunguzi madai ya dhamiri; anayaongeza. Anatunyang'anya kisingizio tunachokipenda kuliko vyote, kile cha kusema "nililazimishwa".

Mfano alioupenda ni wa Helvidius Priscus, mjumbe wa Seneti ya Roma wakati wa Kaisari Vespasian (69–79 B.K.). Kaisari alimtaka asihudhurie kikao. Helvidius alijibu kwamba kumfuta ujumbe ni juu ya Kaisari, lakini maadamu bado ni mjumbe hana budi kwenda. Basi aende, akaambiwa, ila anyamaze. Akasema atanyamaza asipoulizwa maoni. Lakini Kaisari kwa desturi alilazimika kuwauliza wajumbe, na Helvidius akasema kwamba akiulizwa, yeye naye atalazimika kusema lile aonalo ni haki. Kutishia kuua ni kazi ya Kaisari, na kufa bila kutetemeka ni kazi yake. Hatimaye aliondolewa mjini, kisha akauawa. Wanafunzi wa Epictetus walitaka kujua mtu mmoja kama huyo alifaa nini, naye akawarudisha kwenye ule uzi wa zambarau katika vazi: unalifaa nini vazi, kama si kung'aa ndani yake na kuwa mfano kwa nyuzi nyingine?

Kesi ya Soranus

Habari inayotuchoma zaidi imo katika maandiko ya Tacitus, mwanahistoria wa Roma. Tungependa viongozi wa walei waisome kwa makini, hasa wale wanaoitwa mara kwa mara kutoa ushahidi.

Mwaka 66 B.K., chini ya Kaisari Nero, alishitakiwa mtu mmoja mwenye cheo aitwaye Barea Soranus. Alikuwa amepata kuwa liwali wa jimbo la Asia. Huko alijitahidi kuifungua bandari ya Efeso, na watu wa mji wa Pergamo walipomzuia mtumishi wa Nero asichukue sanamu na picha zao, Soranus hakuwaadhibu. Mambo hayo mema ndiyo yaliyogeuzwa kuwa mashitaka, pamoja na urafiki wake na mtu aliyechukiwa na Kaisari. Pamoja naye alishitakiwa binti yake, Servilia, ambaye hakuwa hata amefika miaka 20. Binti huyo, kwa hofu juu ya baba yake, alikuwa ameuza mapambo yake ya arusi na kwenda kwa waaguzi kuuliza kama jamaa yao itasalimika. Mbele ya Seneti alianguka chini akalia, kisha akaikumbatia madhabahu na kusema kosa ni lake peke yake, baba hakujua neno. Soranus naye alipaza sauti kwamba binti atengwe na kesi yake. Walikimbiliana ili wakumbatiane, askari wakaingia kati.

Ndipo mashahidi walipoletwa. Mmoja wao alikuwa Publius Egnatius Celer, mtu aliyefadhiliwa na Soranus, naye alikuwa Mstoiko. Tacitus anamchora vizuri: mavazi ya mwanafalsafa, uso wa mtu mwadilifu, na ndani yake hila na tamaa ya fedha. Alikuwa amenunuliwa ili amwangamize rafiki yake. Alisema alichotumwa kusema. Lakini siku ile ile alikuwapo mtu mwingine, tajiri wa Bithinia aitwaye Cassius Asclepiodotus, aliyekuwa akimheshimu Soranus siku za neema. Huyo hakumwacha siku ya msiba, na kwa ajili hiyo alinyang'anywa mali yake yote na kupelekwa uhamishoni. Soranus na Servilia wakahukumiwa kufa, wakaachiwa tu wachague namna ya kifo. Mshitaki wao alilipwa sesterti 1,200,000, fedha ya Roma ya siku hizo.

Tutafakari hapa kidogo. Bila shaka Soranus angekufa hata kama Celer angekaa kimya. Nero alikuwa ameshaamua. Celer angeweza kujitetea kwa lugha safi ya falsafa yake: kwamba maisha ya Soranus hayamo katika uwezo wangu, kwamba mambo yalikwisha kupangwa juu, kwamba neno langu halikuongeza wala kupunguza kitu. Na kwa habari ya matokeo asingekuwa amesema uongo! Vivyo hivyo uaminifu wa Asclepiodotus haukumwokoa mtu. Mwenye kupima mambo kwa matokeo tu ataona kwamba watu hawa wawili walifanya jambo moja, isipokuwa mmoja alipata fedha na mwingine alipoteza. Ndiyo maana tunasema lile fundisho la uwezo wetu na usio uwezo wetu likishikwa vizuri linakata pande zote mbili. Hukumu ya Seneti haikuwa katika uwezo wa Celer. Ushahidi wake ulikuwa katika uwezo wake, wote, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

Habari haikuishia hapo. Musonius Rufus, mwalimu wa Epictetus, Mstoiko wa kweli, alikuwa uhamishoni siku hizo, kwa kuwa Nero alimpeleka katika kisiwa kikavu cha Gyaros mwaka 65. Baada ya kifo cha Nero alirudi Roma. Mwaka 70, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, alimpeleka Celer mbele ya Seneti kwa kosa la ushahidi wa uongo. Miaka 4 ilikuwa imepita, Soranus na binti yake walikuwa makaburini, wala hukumu isingewarudisha. Tacitus anasema Celer aliposimama kujitetea hakuwa na moyo wala maneno. Alihukumiwa.

Musonius huyu, tukiruhusiwa kutoka njiani kidogo, tunampenda pia kwa kushindwa kwake. Mwezi Desemba mwaka 69 majeshi yalipokuwa yanaukaribia mji, alifuatana na wajumbe wa Seneti, akaingia katikati ya askari wenye silaha na kuanza kuwafundisha uzuri wa amani na ubaya wa vita. Wengi walicheka, wengi zaidi walichoka, na wapo waliotaka kumsukuma na kumkanyaga, mpaka wenye busara wakamsihi aache. Wajumbe wa Haki na Amani waliowahi kupelekwa kusuluhisha ugomvi wa wafugaji na wakulima wataitambua hali hiyo bila kuelezwa.

Sasa turudi kwa jirani yetu, yule asiyekumbuka. Hayuko mbali nasi. Ni kiongozi katika jumuiya yake. Hakutuambia jambo hili katika kitubio, la sivyo tusingaliweza kuliandika. Alituambia uwanjani baada ya Misa, na ametukubalia lisemwe bila jina. Alisema: "Padre, ninakumbuka hata mahali tulipokaa siku ile. Lakini mwenye nguvu alikuwa ameshajulikana. Nilitaka amani." Tulitaka kumkemea. Kisha tukakumbuka kwamba sisi tulimwambia mjane neno hilo hilo, kwa kutumia majina ya Kigiriki.

Kasoro zao, na zetu

Isidhaniwe kwamba tunawatangaza Wastoiko kuwa watakatifu. Seneca, mwandishi wao mashuhuri katika Kilatini, aliandika barua nzuri ajabu akitaka mabwana wale meza moja na watumwa wao, kwa kuwa ni watu walio chini ya mbingu ile ile. Lakini mwaka 58 adui yake alimwuliza hadharani ni falsafa gani iliyomwezesha kukusanya sesterti milioni 300 katika miaka 4 ya urafiki na Nero. Wala shule ile, pamoja na kumlea mtumwa Epictetus, haikuanzisha jitihada ya kukomesha utumwa. Ndugu yake Seneca mnamjua: ndiye Galio, liwali wa Akaya, ambaye katika sura ya 18 ya Matendo ya Mitume anakataa kusikiliza mashitaka dhidi ya Paulo. Hapo alitenda sawa. Lakini umati ulipomkamata Sosthene na kumpiga mbele ya kiti cha hukumu, Galio hakujali. Tumewaona Galio wengi maofisini, na wengine wamevaa kola kama yetu.

Aidha Wastoiko waliihesabu huruma yenye machozi kuwa udhaifu wa nafsi. Hapo hatuwafuati. Bwana wetu alilia kaburini kwa Lazaro, na Mt. Augustino katika *Mji wa Mungu* hakukubali kwamba kumhurumia aliyeonewa ni kasoro, maadamu haki haivunjwi.

Lakini kasoro iliyo nzito kuliko zote inatuhusu kwa karibu zaidi. Mnamo mwaka 165 B.K. msimamizi wa mji wa Roma alikuwa Junius Rusticus. Mtu huyu alikuwa Mstoiko mwenye sifa njema. Ndiye aliyempa Marcus Aurelius maandishi ya Epictetus, na Kaisari anamshukuru kwa hilo katika kitabu chake. Mbele ya kiti chake aliletwa Mt. Yustino, mwalimu wa Kikristo. Yustino alikuwa ameanza safari yake ya kutafuta ukweli kwa mwalimu Mstoiko, na katika utetezi wake wa Wakristo alimtaja Musonius kwa heshima, kama mtu aliyechukiwa kwa ajili ya mema. Pamoja naye walisimama wenzake 6, miongoni mwao mwanamke aitwaye Charito, na Euelpistus, mtumwa wa Kaisari. Rusticus aliuliza kwa utulivu kama wangetoa sadaka kwa miungu. Walikataa. Akaamuru wachapwe na kukatwa vichwa kwa mujibu wa sheria.

Huyu si Celer. Hakununuliwa, hakudanganya, na huenda usiku ule alilala vizuri. Alikuwa amemsoma mtumwa Epictetus mpaka akamfundishia Kaisari, na mtumwa mwingine alipoletwa mbele yake, anasema kwamba amepewa uhuru na Kristo, hakumsikia. Tumekaa na habari hii kwa siku nyingi. Inatuonya kwamba mtu aweza kuwa na nafsi tulivu, elimu ya kutosha na mikono isiyopokea rushwa, na bado akatia saini yake mahali pasipostahili, kwa sababu karatasi ililetwa ikiwa imekamilika. Sisi tulio na ofisi za parokia, mihuri, na barua za utambulisho za kuandika, tusijidanganye kwamba hatari hiyo ni ya mahakimu tu.

Duara za ndugu

Mstoiko mwingine, Hierocles wa karne ya 2, alifundisha kwamba kila mtu yumo katikati ya duara nyingi. Ya kwanza ni yeye mwenyewe. Inayofuata ni ya wazazi, ndugu, mke na watoto. Kisha wajomba na shangazi. Kisha jamaa wa mbali, majirani, watu wa kabila, wananchi wenzake, na ya mwisho ni wanadamu wote. Wajibu wetu ni kuzivuta duara za nje zije ndani. Akashauri hata namna ya kuitana: binamu waitwe ndugu, na wajomba na shangazi waitwe baba na mama. Tuliposoma hapo tulicheka peke yetu. Ushauri aliowapa Wagiriki kama jambo jipya, bibi zetu walikuwa nao: baba mkubwa, mama mdogo, na mtoto wa baba mdogo ambaye hakuna mtu amwitaye binamu.

Hata hivyo tusijisifu haraka. Duara zetu zimezoea kukomea kwenye kabila. Tarehe 10 Aprili 1994 Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma, nayo ikaichagua sura ya Kanisa kama Familia ya Mungu. Siku 3 kabla yake, tarehe 7 Aprili, mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda, na Watutsi waliuawa na majirani waliokuwa wakipokea nao Komunyo. Na si duara ya nje tu inayovunjika. Wajane wanaotujia hawanyang'anywi na wageni. Wananyang'anywa na shemeji, na mkwe, na mtoto wa mke mwenza, yaani watu wa duara ya pili na ya tatu. Jina la undugu tunalo kwa wingi. Ushahidi juu ya undugu huo ndio adimu.

Mtauliza, basi tufanye nini? Tutasema machache, kwa kadiri ya tunayoyajua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 katika nchi yetu ya Tanzania inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na wanawake wasipungue 3. Mama wa Kikristo anayeombwa kukaa hapo asikatae kwa kusema mambo hayo ni ya wanaume. Musonius alikwisha kufundisha, karne ya 1, kwamba mabinti wapewe malezi yale yale ya fadhila wanayopewa wana. Katibu wa kigango asiandike katika muhtasari neno ambalo halikusemwa kikaoni, hata akiombwa na paroko. Mweka hazina asome hesabu yote, pamoja na ukurasa unaomwaibisha. Haya ni madogo, na yote yako katika uwezo wetu.

Kila usiku, taa ikishazimwa na mkewe amenyamaza, Seneca alikuwa akiipitia siku yake nzima bila kujificha kitu. Sisi Wakatoliki tunayo desturi hiyo, uchunguzi wa dhamiri kabla ya kulala, ingawa wengi tunaipita mbio. Tungependekeza kwa muda swali moja liongezwe humo: leo nimeona nini ambacho, nikiulizwa kesho, nitajaribiwa kusema sikumbuki?

Kwa upande wetu tulikwenda kwa yule mama mwezi uliopita. Kwa desturi ya huku, mwenye kuomba radhi huja na jani la sale, nasi tulikuwa nalo mkononi, jambo lililomshangaza kidogo, maana hakutazamia kuliona kwa padre. Tulimwambia kwamba tulimshauri vibaya. Alilipokea jani, akaliweka juu ya meza, akatuletea chai. Kisha akatueleza kwamba jirani naye amekwisha kufika, kwamba ameomba shauri lifunguliwe upya na yuko tayari kusema, na kwamba tangu habari hiyo ienee hasalimiwi tena na watu wa upande wa shemeji. Tukanywa chai. Wakati tunaaga akauliza kama siku ya baraza padre atakuwapo, hata kama ni kukaa nyuma tu bila kusema neno. Tumeahidi kwenda. Ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi.